Mjomba wa Ng'ambo ya Mto

Nilifundisha shule za msingi tangu Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, kabla ya 2012, na mpaka leo wanafunzi wangu wa zamani huniletea fomu zao. Inayowasumbua zaidi ni ya upekuzi, ile ya kumchunguza anayeomba kazi serikalini. "Mwalimu, huyu mjomba wa Kikagati nimwandike?" Kikagati iko Uganda, inatazamana na Murongo yetu, kati yake ni mto Kagera. Namjibu kijana: mwandike, pamoja na kazi anayofanya.

Serikali ina sababu ya kuuliza. Mtumishi anayetunza siri akiwa na ndugu nje ya nchi, ndugu huyo anaweza kukamatwa, kutishwa au kuhongwa ili siri itoke. Sisi wa mkoa wa Kagera hatuhitaji kuelezwa hatari ya mpakani. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa huu mwaka 1978.

Lakini huku kwetu udugu umeutangulia mpaka. Mfalme Rumanyika alimpokea mpelelezi Mwingereza Speke hapa Karagwe mwaka 1861, karibu miaka 30 kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana nchi hizi, na ukoo wa Wahinda ulitawala Karagwe na pia Nkore, ambayo leo iko Uganda. Mnyambo wa Karagwe na Mnyankole wa Nkore wanaelewana bila mkalimani, na wanaoana. Kisha wakaja wakimbizi wa Rwanda, wengine wakapewa makazi Nkwenda, huku kwetu, na mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa maelfu ya Wanyarwanda uraia wa tajnisi.

Hapo ndipo upekuzi unapochanganya mambo mawili: uraia wako na udugu wako. Sheria ya uraia ya 1961 ilimfanya raia aliyezaliwa Tanganyika, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa humo. Ndiyo maana kijana wa leo anaulizwa babu yake alizaliwa wapi, na familia zinatafuta kadi za ubatizo zilizochakaa na stakabadhi za kodi ya kichwa. Matangazo ya ajira za Polisi ya miaka ya karibuni yamekwenda mbali zaidi: yanataka wazazi wote wawili wawe raia wa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Nkwenda, wazazi wake wakiwa na uraia wa tajnisi, anafungiwa mlango kabla hajaulizwa lolote kuhusu mwenendo wake. Naliona hilo kuwa dhuluma.

Wala cheo hakikingi. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia; na Timothy Bandora, aliyekuwa akituwakilisha Nigeria, naye vivyo hivyo. Ulimwengu alipata uraia baadaye, kwa tajnisi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu, na watu walioishi hapa miaka mingi wakarudishwa Rwanda na Uganda. Tangu hapo nimewasikia wazazi wakiwafundisha watoto wasimtaje bibi wa Rwanda mbele ya mtu wa ofisini.

Hofu hiyo inaharibu kazi yenyewe ya upekuzi. Ndugu aliyeandikwa kwenye fomu hawezi tena kutumiwa kama siri ya kumtishia mtumishi. Aliyefichwa anakuwa silaha ya kila anayejua habari zake: nipe barua ile, la sivyo nawaambia mama yako katoka wapi.

Marekani nao huuliza habari za jamaa walio nje, majina na uraia wao. Ila mwongozo wao unataka kila kesi ipimwe: ni nchi gani, mnawasiliana kiasi gani, jamaa anaitumikia serikali ya huko au la, na je, anaweza kushinikizwa? Kuwa na jamaa nje peke yake si hukumu. Kudanganya kwenye fomu ndiko kunakomponza mwombaji.

Maswali hayo yangetufaa Karagwe na Kyerwa. Mjomba wa Kikagati analima migomba au ni askari? Unamtumia fedha, au yeye ndiye anayekutumia? Una shamba upande ule? Kijana akijua kwamba majibu yake yatapimwa hivyo, hatakuwa na sababu ya kuniuliza kama amwandike.