Je, Wajua? Mashine ya kufulia inayogoma huenda inakusubiri wewe

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele ikigoma kuanza ilhali taa zake zinawaka, wengi hukimbilia kusema kadi yake ya kielektroniki imeungua. Dalili zenyewe zinaelekeza kwingine. Taa zikiwaka, umeme umeshapita kwenye plagi na fyuzi. Kinachofuata kukaguliwa ni kufuli la mlango. Ndani ya makufuli mengi ya aina hii mna kijipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, kijipande hupata joto, hupinda, na baada ya sekunde chache husikika "tik": mlango umefungwa, umeme unaruhusiwa kwenda kwenye mota. Usiposikia mlio huo, pangusa sabuni iliyoganda kwenye komeo, tazama kama ndoano imevunjika au kitambaa kimebanwa, kisha funga upya.

Atauliza mtu: kwa nini fundi asiunganishe nyaya moja kwa moja, kufuli likarukwa? Inawezekana, na wapo wafanyao hivyo (ubahili wa hatari huo). Wakati wa kukamua, pipa la nguo huweza kuzunguka mara 1,000 na zaidi kwa dakika. Mlango ukifunguka hapo, mkono wa mtoto hauponi. Na kama "tik" imesikika ila maji hayaingii, kagua bomba: tangi lililo mita 2 tu juu ya mashine hutoa shinikizo la takriban bar 0.2, na mashine nyingi hutaka zaidi ya hapo. Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote ndani.