Unasafiri na Pusi Anabaki Kwa Keja? Soma Hii Kabla Ufunge Mlango

Msee, nikuulize kitu. Begi umepanga, tiketi ya basi iko kwa simu, mathe ashapiga mara tatu kuuliza utafika ocha saa ngapi. Pusi wako amekaa hapo mlangoni anakucheki tu. Anabaki na nani?

Mimi ni daktari wa wanyama. Kazi yangu iko Kiembeni, huku barabara ya Malindi, kabla ufike Mtwapa. Na simu zinazonikosesha usingizi huwa zinaingia Disemba, wakati watu wameshafunga nyumba na kwenda zao.

Krismasi moja, jirani fulani aliachiwa paka na dame wa plot yao. Jirani mwenyewe mtu poa sana. Siku ya tatu akaona paka anachechemea. Akafanya vile angemfanyia mtoto wake: akavunja Panadol nusu, akaisaga, akaichanganya na samaki. Kufika jioni uso wa paka umefura, anahema kwa shida, na ufizi umegeuka rangi ya kahawia kama chai ya rangi. Aliponiletea ilikuwa usiku na tulikuwa tumechelewa. Paka akadedi mikononi mwetu.

Kwa hiyo stori hakuna mtu mbaya. Kuna mtu ambaye hakuambiwa. Sasa wewe nakwambia.

Dawa zako ni zako

Panadol ni paracetamol. Ini lako lina uwezo wa kuivunja na kuitoa mwilini. Ini la paka uwezo huo halina wa kutosha, kwa hivyo sumu inabaki na kuharibu damu mpaka inashindwa kubeba hewa. Ndio maana ufizi unageuka rangi. Tembe moja ya miligramu 500 inaweza kuua paka mzima. Kuna dawa ya kupambana nayo, lakini lazima uwahi, yaani masaa machache ya kwanza.

Mbwa naye usimwone ni mkubwa ukadhani ni salama. Brufen na Diclofenac zinamtoboa tumbo na kumharibu figo. Mnyama akiumwa, usifungue droo ya dawa. Piga simu.

Hatari za jikoni

Biriani ya Ijumaa imebaki na unaona vibaya kuitupa. Unammwagia dogi. Ngoja kwanza uangalie ndani kuna nini.

Kuna vitunguu maji na vitunguu saumu. Hivi vinavunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, viwe vibichi, vimekaangwa, ama ni unga wa viungo. Mbaya ni kwamba dalili zinaweza kukawia siku kadhaa, kwa hivyo hutaunganisha ugonjwa na ile sahani. Kuna zabibu kavu, ambazo zinaweza kuangusha figo za mbwa. Halafu kuna mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo inapasuka vipande vyenye ncha kali na kukwama kooni ama kutoboa utumbo.

Ongeza hapo chokoleti, majani ya chai, kahawa, na bigijii zisizo na sukari. Zile bigijii nyingi huwekwa zailito, ambayo inashusha sukari ya mbwa ghafla mpaka anaanguka.

Na paka, tafadhali, sio mbuzi. Ukimlisha ugali na maziwa kila siku, anakosa taurini, kitu ambacho anakipata hasa kwa nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho yanakufa na moyo unalegea. Maziwa yenyewe yanawaharisha paka wengi wakubwa. Mpe maji.

Halafu kuna ile ya kwetu Pwani: bunju. Unampeleka dogi matembezi ufuoni Bamburi ama Shanzu, anaokota samaki aliyetupwa na wavuvi kwenye mchanga. Wavuvi wamemtupa kwa sababu wanajua. Sumu ya bunju inapooza misuli mpaka ya kupumua, na dawa yake haipo. Ufuoni, mbwa atembee na kamba.

Dawa ya panya haichagui

Hii ndiyo inaniudhi zaidi, ju inaepukika. Kuna aina mbili za kujua.

Ya kwanza ni ile inayozuia damu kuganda. Mbwa anaila leo, anacheza kesho, na siku ya tatu au ya nne au ya tano ndio anaanza kuvuja damu, mara nyingi ndani kwa ndani ambako huoni. Ukija siku ile ile aliyokula, tuna nafasi nzuri sana, kwa sababu vitamini K inafanya kazi. Ukingoja dalili, tunapigana vita ngumu.

Ya pili ni zile za kwenye karatasi zinazouzwa barabarani bila jina wala maelezo. Hizi mara nyingi zinapiga haraka: mate yanatoka kama bomba, mwili unatetemeka, kinyesi kinatoka chenyewe. Hapo tunahesabu dakika. Wezi nao wanaijua hii, wanaitia kwenye kipande cha nyama na kurusha ndani ya ukuta.

Likitokea, usimnyweshe mafuta, maji ya chumvi wala maziwa. Mafuta yanaingia mapafuni, chumvi yenyewe ni sumu, na maziwa hayaoshi kitu. Chukua ile karatasi ama chupa, mbebe mnyama, njoo. Karatasi inanipunguzia kubahatisha.

Kupe na dawa ya ng'ombe

Kupe wa mbwa huku Pwani haendi likizo. Huyu wa kahawia anaweza kuishi ndani ya nyumba yako kabisa, kwenye nyufa za ukuta na chini ya makochi. Kwa hivyo ukimuogesha mbwa na kuacha nyumba, umefanya nusu ya kazi.

Tatizo ni vile watu wanaogesha. Unaenda agroveti, unanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe, unakadiria kwa kifuniko, unamwagia. Ikizidi, mbwa analewa, moyo unapungua mwendo, anajilamba na kumeza. Soma kipimo ama uliza. Na dawa ya kupe ya mbwa usimpake paka hata tone. Nyingi zina permethrini, na paka akiipata anaanza kutetemeka na kupata degedege.

Joto

Kuanzia Disemba hadi Machi unajua vile jua la huku linachoma. Wewe unatoa jasho. Mbwa hatoi jasho la maana, anajipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kama ya kwetu, kuhema hakumsaidii sana. Mbwa wa pua fupi ndio wanaumia kwanza.

Kwa hivyo usimfunge juu ya flati kwenye sakafu ya simiti, wala kwenye kibanda cha mabati, wala ndani ya gari "dakika mbili tu". Ukimkuta anahema kwa nguvu, mate mazito, anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, halafu mlete. Usingoje aanguke.

Sasa, nani anabaki naye?

Hapa ndio watu wengi wanakosea. Unampa soja ufunguo na mia mbili, unamwambia "nichekie pusi", unapotea wiki mbili. Soja ana geti la kulinda, na hiyo mia mbili ilikuwa ya soda.

Fanya hivi:

1. Chagua mtu anayempenda mnyama, na umlipe. Mkubaliane bei kabla. Mtu aliyelipwa vizuri hajifichi mambo yakiharibika.

2. Aje mara mbili tatu kabla hujasafiri. Amlishe wewe ukiwa hapo. Mbwa anayebweka kila akimwona mtu hatageuka rafiki siku umeondoka.

3. Paka abaki nyumbani kwake, mbwa abaki na mtu. Paka anapenda mahali pake, ukimhamisha anaweza kutoroka akitafuta njia ya kurudi. Mbwa anateseka akiwa peke yake.

4. Hesabu ziara. Paka aonwe angalau mara moja kila siku, mbwa mara mbili ama zaidi. Kumwaga chakula sakafuni cha wiki nzima ni mchezo wa kamari. Paka asipokula siku mbili tatu, ini linaanza kujaa mafuta. Paka dume anayeingia na kutoka kwa sanduku la mchanga bila kukojoa, njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Nani atajua kama hakuna anayeingia?

5. Andika karatasi, bandika kwa friji. Anakula nini na kiasi gani. Haruhusiwi nini. Namba ya daktari. Na chini kwa herufi kubwa: USIMPE DAWA YOYOTE YA BINADAMU.

6. Acha doo ya dharura na uamuzi. Hii watu hawafikirii. Jirani anaona mnyama anaumwa, hana pesa, simu yako haishiki ju uko kijijini, anaogopa kuingia gharama ambayo hutamrudishia. Anangoja. Mtumie kitu kwa M-Pesa mapema, na umwambie wazi: "Akiugua usiningoje, mpeleke."

7. Omba picha ya bakuli na sanduku la mchanga, kila siku. Picha ya uso kila mtu anatuma. Bakuli ndilo linasema ukweli.

Na kama ulikuwa na mpango wa kumfungia tu ndani mpaka urudi, jua kwamba sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula na maji kuwa kosa. Kumtelekeza pia.

Chanjo kwanza

Mbwa ambaye hajachanjwa usimpe mtu amtunze. Ni kumpa mtu hatari ambayo hajaiona. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Duniani kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, na karibu wote walipata kutoka kwa mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kufuta vifo hivyo ifikapo 2030. Kazi ya upande wako ni sindano moja kwa mwaka, kuanzia mbwa akiwa na miezi mitatu. Paka naye achanjwe.

Anayemtunza akiumwa, hata kidonda kidogo tu, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo aanze chanjo. Pilipili, mafuta ya taa na majivu hayatibu.

Uliza daktari ni nani

Kuuza dawa agroveti hakumfanyi mtu kuwa daktari. Tangu sheria ya 2011, madaktari wa wanyama na wasaidizi wao wanasajiliwa na Kenya Veterinary Board. Uliza namba ya usajili bila aibu. Mimi ukiniuliza nitakuonyesha na nitafurahi kwamba umeuliza.

Na umtafute huyo daktari sasa hivi, wakati mnyama ni mzima. Saa nane usiku sio saa ya kuanza kuuliza kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa nani anajua vet.

Yule dame wa plot alirudi Januari. Alikuja kwangu kuuliza swali moja tu: jirani alikosea wapi? Nilimwambia jirani alitumia kile alichokijua. Wakakaa wakaongea, na hadi leo ni majirani. Sasa hivi dame ana paka mwingine, wa kijivu, na kwa friji yake kuna karatasi. Aliyeiandika ni jirani, kwa mkono wake.

Basi lako linatoka saa ngapi? Bado una muda wa kuandika yako.