KONTI YA MSIMAMIZI: JUU YA NINI IMEFUNGWA?



Tangu mwanzo wa muhula huu maneno ni mengi uwanjani juu ya chumba cha ordinatere. Zamani kila mashini ilikuwa na konti moja tu, na neno la siri moja ambalo shule nzima ililijua, hata watoto wa mwaka wa kwanza. Sasa kila darasa liko na konti yake, na konti ya msimamizi imefungwa. Ndipo wengine wanauliza: «Juu ya nini banatufungia mashini? Banatuona sawa bezi?» Wengine tena wanasema kwamba sisi makapita tumejiwekea neno la siri ili tucheze peke yetu.

Neno hilo la mwisho tunalijibu mara moja: makapita hatuna neno la siri la msimamizi. Liko kwa mwalimu wa ordinatere, na kopi moja iko katika bahasha iliyofungwa kwa prefe wa shule. Lakini ulizo la kwanza ni ulizo zuri, nalo linastahili jibu refu. Tena jibu lake ni sehemu ya somo ambalo baadhi yetu wa mwaka wa sita tumeanza kujifunza jioni kwa ajili ya sertifika inayoitwa A+. Basi tueleze hatua kwa hatua.

1. Kazi ya sistemu

Ordinatere bila sistemu ni chuma tu. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, programu ndogo iliyo ndani ya mashini inaamka kwanza. Inaitwa UEFI, na katika mashini za zamani BIOS. Inaangalia kama kumbukumbu, klavie na diski ziko, kisha inaitafuta sistemu katika diski na kuiita. Sistemu ikiisha kuamka, ndiyo inayogawa kazi: programu gani itumie prosesa sasa, ipate kumbukumbu kiasi gani, fishie iandikwe fasi gani ya diski, emprimanti ichape karatasi ya nani mbele.

Mnaweza kuuona ugawaji huo kwa macho. Katika Windows, bonyezeni pamoja Ctrl, Shift na Esc. Itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi, pamoja na kumbukumbu ambayo kila moja inakula. Mtu akisema «hii mashini iko pole sana», aangalie hapo mbele ya kuipiga ngumi.

Kazi nyingine ya sistemu ni kujua nani anaomba nini. Jambo hili halikuwa hivyo siku zote katika mashini za nyumbani. Katika Windows 95 na Windows 98, mara nyingi mtu aliyeombwa neno la siri aliweza kubonyeza Esc tu na kuingia. Ni Windows XP, mwaka wa 2001, iliyoleta nyumbani sistemu inayotenganisha watu kweli. Linux, iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, iliwatenganisha tangu mwanzo, kwa sababu ilifuata mfano wa Unix, iliyotumiwa na watu wengi pamoja.

2. Aina mbili za konti

Windows iko na konti za aina mbili kubwa: konti ya msimamizi na konti ya kawaida.

Mwenye konti ya kawaida anaweza kuandika barua, kuhesabu, kuchapa, kuingia katika intaneti, kuweka picha anayotaka kwenye ekra yake na kulinda kazi zake katika dosie yake. Hawezi kuweka programu kwa ajili ya watu wote, hawezi kugeuza saa ya mashini, hawezi kufungua dosie ya mtu mwingine, hawezi kufuta konti. Msimamizi anaweza hayo yote.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: unapoweka Windows katika mashini mpya, konti ya kwanza unayoitengeneza ni ya msimamizi. Kwa hiyo mtu anayenunua mashini na kuanza kuitumia anatembea kila siku na ufunguo wa nyumba yote mkononi, hata anapokwenda tu kuandika barua.

Ubaya wake ni nini? Ni huu: programu unayoifungua inapata haki zako wewe. Ukifungua virusi ukiwa katika konti ya kawaida, virusi inaweza kuharibu fishie zako, lakini kuingia katika moyo wa sistemu ni kazi ngumu kwake. Ukiifungua katika konti ya msimamizi na ukaikubalia, imekuwa msimamizi pia. Inaweza kuzima ulinzi, kujificha, na kungojea mtu mwingine akae kwenye kiti.

Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka wa 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi na haki chache tu zinazotosha kwa kazi ile. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, Windows inasimama na kuuliza mbele ya kazi ya msimamizi. Mwenye konti ya msimamizi anajibu ndiyo au hapana. Mwenye konti ya kawaida anaombwa neno la siri la msimamizi. Katika Ubuntu, ambayo ni Linux iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni karibu vile vile: unaandika sudo mbele ya amri, kisha neno lako la siri, na haki ile inadumu kwa muda mfupi tu.

Kwa hiyo, wenzetu, kupewa konti ya kawaida si kuitwa mwizi. Hata mwalimu wa ordinatere mwenyewe anatumia konti ya kawaida anapotayarisha masomo yake.

3. Haki juu ya fishie

Diski ya Windows hutayarishwa kwa namna inayoitwa NTFS. Namna hii inaandika, kwa kila fishie na kila dosie, nani anaweza kusoma, nani anaweza kuandika, nani anaweza kufuta. Kle nyingi za USB zinatayarishwa kwa FAT32, ambayo haijui haki za watu hata kidogo. Tena haipokei fishie moja inayopita giga 4. Ndiyo sababu yeyote anayeokota kle yako anasoma yote, na ndiyo sababu filamu ndefu inakataa kuingia hata kama fasi iko.

Si vema kutoa haki kwa mtu mmoja mmoja. Tunatengeneza kundi, kwa mfano kundi la mwaka wa tano, tunalipa kundi haki, kisha tunaingiza watu ndani. Mwanafunzi akihama, tunamtoa katika kundi na kazi imekwisha.

Sasa ulizo moja la kujipima. Dosie ya mazoezi inafika kwenu kwa njia ya rezo. Katika diski, kundi lenu limepewa haki ya kugeuza. Katika rezo, limepewa haki ya kusoma tu. Je, mkiifungua kutoka mashini nyingine, mnaweza kugeuza? Jibu: hapana. Haki mbili zikikutana njiani, ile inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Lakini mkikaa kwenye mashini yenyewe yenye dosie, mtaweza kugeuza, kwa sababu hapo hamkupita katika rezo. Maulizo ya namna hii yanapendwa sana na watu wa ekzameni.

4. Kle, umeme na kopi

Muhula uliopita mashini ya nne ilikufa. Kulikuja mchezo katika kle ya USB, nao ulikuwa na virusi ndani. Kwa sababu konti ilikuwa moja, tena ya msimamizi, kazi zote zilizokuwa humo ziliharibika. Wenzetu wa mwaka wa tano walichapa upya kazi zao za jeografia siku nne, wengine usiku. Hatutafuti nani aliyeleta kle. Tunatafuta isitokee tena.

Hatari ya pili ni umeme. Siku ya delestaji mashini inazimika wakati sistemu bado inaandika katika diski. NTFS inajiandikia mambo yake katika daftari la ndani, hivyo mara nyingi inajitengeneza yenyewe inapoamka; lakini kazi ambayo hukuilinda imepotea. Ondulere inawapa dakika chache: ni za kulinda kazi na kuzima vizuri, si za kumaliza ukurasa. Mashini ikiamka na shida, msimamizi ana amri mbili za kuanza nazo: chkdsk inachunguza diski, na sfc /scannow inachunguza fishie za sistemu yenyewe na kurudisha zile zilizoharibika.

Dawa ya yote ni kopi. Kanuni inayofundishwa ni 3-2-1: kila kazi ya maana iwe na kopi tatu, katika vyombo vya aina mbili, na kopi moja ikae fasi nyingine. Kopi inayolala katika kabati lile lile pamoja na mashini itaungua au kuibiwa pamoja nayo.

Tuseme neno juu ya masahihisho pia. Microsoft iliacha kuisahihisha Windows 10 bila malipo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale walioingia katika mpango wa kuongezewa muda. Windows 11 inaomba kumbukumbu ya giga 4, diski ya giga 64 na chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, ambacho mashini nyingi za zamani hazina. Kwa mashini kama hizo, Linux ni njia nzuri: haina bei, na Ubuntu ya muda mrefu inasahihishwa miaka mitano. Mega za intaneti zikiwa chache, Windows iko na kitufe cha kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, ili isivute masahihisho makubwa bila kujua kwenu.

5. Daftari la mashini

Wazee wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. CompTIA, shirika la Marekani linalotoa A+, linafundisha hatua sita za kutafuta ugonjwa wa mashini: kuuliza na kujua shida, kukisia sababu, kujaribu kisio hilo, kupanga kazi na kuifanya, kuhakikisha kwamba yote yanatembea, mwisho kuandika. Wengi wanaruka ya kwanza na ya sita. Wanaanza kufungua vise mbele ya kuuliza «ilianza lini, nini kiligeuka?» Na wakitengeneza hawaandiki, kwa hiyo mwezi ujao wanaanza upya. Chumba chetu sasa kiko na daftari mezani. Andikeni tarehe, namba ya mashini, mliyoyaona na maneno yaliyotokea kwenye ekra.

6. Ekzameni yenyewe

A+ iko na karatasi mbili. Kila moja ni dakika 90 na maulizo yasiyopita 90. Ya kwanza inahusu zaidi vyombo na rezo. Inapitwa kwa alama 675 juu ya 900. Ya pili ni ya sistemu. Inapitwa kwa 700. Katika programu iliyotoka mwaka wa 2025, sistemu za uendeshaji ni sehemu 28 kwa mia ya karatasi ya pili, na usalama ni 28 vilevile: ni kusema, zaidi ya nusu ni mambo tuliyoyagusa hapa. Sertifika inadumu miaka mitatu, kisha inafanywa upya.

Bei ni kubwa. Katika Marekani kila karatasi inapita dola 250. Hatuwadanganyi kwamba ni kitu cha kesho kwa kila mtu. Lakini maarifa yake hayana bei: mwenye mashini moja ya zamani, daftari na saburi anaweza kujifunza karibu yote.

7. Ombi letu

Kwa wanafunzi: mtu anayehitaji programu kwa masomo aandike jina lake katika daftari, mwalimu anaziweka siku ya posho mchana. Msigawe neno la siri la darasa lenu kwa darasa lingine. Mkiondoka kidogo, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na L, ekra itafungwa.

Kwa walimu wetu, kwa heshima zote: mashini ya sekretaria bado iko na konti moja, na ndani yake mna alama zetu zote pamoja na orodha ya watakaofanya Ekzameni ya Serikali. Tumekubali kufungiwa mashini za kujifunzia. Tunaomba mashini ile inayobeba mwaka mzima wa kila mmoja wetu ilindwe namna hiyo hiyo, na kopi yake ikae nje ya ofisi ile, mbele ya orodha kutumwa.

Kapita mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita,
kwa niaba ya komite