Sabufa ya Kutengeneza Nyumbani (3): Lita Zinazoliwa na Ubao

Ukiulizia boksi la sabufa Kariakoo, swali utakaloulizwa kwanza ni moja: la inchi ngapi? Inchi hizo ni za spika, yaani kipenyo chake. Lita haziulizwi. Ndiyo maana maboksi mawili ya “inchi 12” yanaweza kupishana mno kwa ujazo, na spika ileile ukiihamisha kutoka moja hadi jingine ikalia kama spika mbili tofauti.

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulichagua spika, kisha tukachagua ubao. Leo tunashika futikamba na kikokotoo.

Koni inaporudi nyuma, hewa iliyofungiwa ndani ya boksi haina pa kwenda. Inabanwa, na ikibanwa inaisukuma koni irudi ilikotoka. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mpini: penye hewa kidogo utakaziwa mapema, penye hewa nyingi utasogea kwanza. Boksi dogo huikaza koni, besi ya chini kabisa ikapotea. Boksi kubwa kupita kiasi huiacha koni ikilegea. Ukifungulia amplifaya, koni inachupa kupita uwezo wake na koili inaanza kugonga. Kwa hiyo wale wanaoamini kwamba boksi likiwa kubwa zaidi ndipo mziki unakuwa mnene zaidi, wamepata nusu tu ya habari.

Hesabu yenyewe si ya kale. Spika ya koili tunayoitumia hadi leo ilielezwa na Wamarekani Rice na Kellogg mwaka 1925, lakini kwa miaka mingi baadaye watengenezaji wa maboksi walitegemea zaidi kujaribu na kusikiliza. Mwaka 1961 Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alichapisha hesabu za boksi lenye tundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Richard Small akaziendeleza akiwa Sydney. Namba zilizo kwenye karatasi ya spika nzuri, yaani Fs, Qts na Vas, zimetokana na kazi yao. Fs ni mlio wa asili wa spika ikiwa nje ya boksi. Qts inaeleza jinsi spika inavyojizuia isiendelee kutikisika. Vas ni kiasi cha hewa ambacho ugumu wake unalingana na ugumu wa mpira na kitambaa vinavyoishikilia koni.

Tuchukue spika ya inchi 12 yenye Fs ya herzi 30, Qts ya 0.45 na Vas ya lita 60. Boksi letu limefungwa pande zote, halina bomba, na Q ya spika ikiwa ndani ya boksi tunataka iwe 0.707, kiwango ambacho besi haivimbi wala haikondi. Gawa 0.707 kwa 0.45, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa 1. Inabaki 1.47. Gawa 60 kwa 1.47: lita 41, kwa kukadiria. Karatasi za Kimarekani hutaja futi za ujazo. Futi moja ni lita 28.3, basi hiyo ni futi 1.45.

Hizo lita 41 ni za hewa tupu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi anapewa “41”, anatafuta vipimo vinavyozaa 41, tuseme sentimita 38 kwa 36 kwa 30, anakata na kupiga gundi. Hesabu yake ni sahihi, ila ameihesabu kwa nje. Ubao wa milimita 18 unakula milimita 36 katika kila upande wa hesabu, kwa kuwa kuna ubao huku na ubao kule. Ndani zinabaki 34.4 kwa 32.4 kwa 26.4, yaani lita 29.4. Ingiza spika na vijiti vya kona, zinabaki kama 27. Mlio wa asili wa spika ikiwa ndani ya boksi, ambao ungekuwa herzi 47, unapanda hadi karibu 54, na Q inafika 0.81. Mziki utalia, tena kwa kelele, lakini zile noti za chini ulizolipia hazitakuwamo.

Twende kinyume chake. Upana 45, kimo 40, kina 33, vyote kwa sentimita na vyote vya nje. Toa 3.6 katika kila kimoja: 41.4 × 36.4 × 29.4. Jibu ni sentimita za ujazo 44,305. Gawa kwa 1,000 upate lita 44.3. Kwa nje boksi hilo ni lita 59.4, kwa hiyo robo nzima imeliwa na ubao. Sasa toa mwili wa spika unaoingia ndani, tuseme lita 2.3 (karatasi nyingine huitaja, la sivyo kadiria sumaku na fremu). Toa vijiti vinne vya kona vya 2.5 kwa 2.5 vyenye urefu wa 36.4: lita 0.9. Zinabaki 41.1. Kosa la lita moja au mbili usilipotezee usingizi, sikio halitalisikia. Hata hivyo pima unene wa ubao wenyewe, kwani plaiwudi iliyoandikwa 18 huweza kuwa 17.

Kwa boksi la nyuma ya kiti cha bajaji, lenye mgongo ulioinama, jumlisha kina cha juu na kina cha chini, gawa kwa mbili, kisha zidisha kwa kimo na upana. Vyote vya ndani.

Kwa nini nimechagua boksi lililofungwa? Kwa sababu ya singeli. Mdundo unaopita mapigo 200 kwa dakika hauvumilii besi inayoburuta mkia hadi kwenye pigo linalofuata. Wapenzi wa bomba watanibishia, nao wana hoja yao: bomba hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Wakilitumia, wakumbuke kwamba nalo lina ujazo wa kutolewa.

Ukitaka kuhakikisha, lilaze boksi tundu la spika likiwa juu, ulijaze mahindi makavu kwa chombo cha lita unazozijua, ukihesabu. Kisha funga spika, bonyeza koni taratibu kwa viganja na uachie. Ikirudi polepole, boksi halivuji; ikirudi haraka kama iliyo hewani, tafuta ufa. Wakazi wa bondeni Jangwani, walioona Mto Msimbazi ukiingia majumbani Desemba 2011, wakague hasa maungio ya chini: MDF ikilowa huvimba, gundi ikaachia.

Wiki ijayo tutapima Vas ya spika isiyo na karatasi. Andaa boksi ambalo lita zake unazijua kwa uhakika, maana hesabu hiyo inaanzia hapo.