KIJIJI CHA MFANO: TUNAJIFUNZA NINI TUKIKITEMBELEA?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Ndugu mwanafunzi, na wewe mzazi unayesoma pamoja na mwanao, kila mwaka likizo inapokaribia huulizwa swali lile lile: safari hii tuwapeleke watoto wapi? Wapo wanaotaja Mkomazi, kwa kuwa ni jirani. Wapo wanaotaja bahari ya Tanga. Katika makala haya napenda kueleza juu ya mahali pa aina nyingine, ambapo huendi kuona wanyama wala maji, bali unakwenda kutazama nyumba. Mahali hapo huitwa kijiji cha mfano.

Huenda mtu akasema, "Nyumba tunazo hapa hapa Mwanga, kuna haja gani ya kusafiri kuzitazama?" Naomba uvumilie usome mpaka mwisho, kwa sababu na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo.

Kijiji cha mfano ni nini?

Vijiji vya mfano viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kijiji kilichopunguzwa ukubwa. Nyumba, misikiti, madaraja na hata reli hujengwa vidogo kwa kipimo kimoja, na mtu mzima akisimama katikati yake huonekana kama jitu. Aina ya pili ni kijiji ambacho nyumba zake zimejengwa kwa ukubwa wake wa kweli, isipokuwa mitindo yake imekusanywa kutoka sehemu mbalimbali za nchi na kuwekwa ndani ya eneo moja.

Tuanze na aina ya kwanza. Huko Uingereza kipo kijiji cha namna hiyo kiitwacho Bekonscot, kilichofunguliwa mwaka 1929. Mwaka 1937 kijiji kingine cha nchi hiyo, Bourton-on-the-Water, kilijengewa mfano wake chenyewe kwa mawe, kila kitu kikiwa sehemu moja ya tisa ya ukubwa wake. Hapo likazuka jambo la kuchekesha. Kwa kuwa mfano umo ndani ya kijiji, ilibidi nao uonekane ndani ya mfano! Basi wakajenga mfano ndani ya mfano, na ndani ya huo mwingine tena. Mwanafunzi wa hesabu na apige mwenyewe: nyumba yenye kimo cha mita 9 itakuwa na mita 1 katika mfano wa kwanza, sentimita 11 katika wa pili, na sentimita 1 na kidogo katika wa tatu.

Katika nchi za Waislamu upo mfano maarufu wa Miniaturk, mjini Istanbul, Uturuki, uliofunguliwa mwaka 2003. Humo majengo yamepunguzwa mara 25. Upo msikiti wa Sultan Ahmed, upo wa Suleymaniye, ipo Kubbatus-Sakhra ya Baytul-Maqdis, na lipo daraja la Mostar la huko Bosnia.

Daraja hili la Mostar lina kisa ambacho naomba tukiweke akilini, maana tutakirudia. Lilijengwa zama za Waothmani na kumalizika mwaka 1566. Mwezi Novemba 1993, wakati wa vita, lilipigwa kwa mizinga likaanguka mtoni. Lakini michoro na vipimo vyake vilikuwa vimetunzwa. Mafundi wakavirejea, wakachonga mawe ya aina ile ile, na mwaka 2004 daraja likafunguliwa tena. Kitu kilichopimwa na kuandikwa, hata kikianguka, kinaweza kuinuliwa.

Kipimo hufanyaje kazi?

Siri ya mfano wowote ni kipimo. Ukiamua kupunguza mara 25, basi kila mita 1 ya kweli itakuwa sentimita 4 katika mfano wako. Mlango wa mita 2 utakuwa sentimita 8. Darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 litakuwa sentimita 40 kwa 20. Mnara wa mita 25 utakuwa mita 1 kamili. Sharti ni moja: usibadilishe kipimo katikati ya kazi. Ukipunguza mlango mara 25 na dirisha mara 10, nyumba yako itakuwa kichekesho.

Kipimo nacho huchaguliwa kulingana na kitu. Mlima wenye kimo cha mita 2,000, ukiupunguza mara 25, bado utakuwa na mita 80, mrefu kuliko mnazi wowote. Ndiyo maana watengenezaji wa ramani hupunguza mara 50,000, na mlima huo huo ukabaki sentimita 4 tu.

Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam

Aina ya pili ya kijiji cha mfano tunayo hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, kiasi cha kilomita 10 kutoka katikati ya mji, kipo Kijiji cha Makumbusho. Kilianzishwa mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru wa Tanganyika, na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Jina lake limeenea hata kituo cha daladala cha jirani huitwa Makumbusho. Ndugu zetu wa Kenya nao, mwaka 1971, walianzisha Bomas of Kenya mjini Nairobi kwa lengo linalofanana na hilo.

Ukiingia humo utatembea kwa miguu kutoka nyumba ya kabila moja hadi la pili, kana kwamba umevuka mikoa kwa hatua chache. Usipite mbio. Mbele ya kila nyumba jiulize: kwa nini hawa walijenga hivi?

Tazama msonge wa Wahaya. Ni nyumba ya mviringo, nyasi zake zimeanzia kileleni zikashuka karibu na ardhi. Ukanda wa Bukoba una mvua nyingi, na maji yakianguka juu ya msonge huteleza moja kwa moja hadi chini.

Kisha tazama tembe la Wagogo. Hili paa lake ni bapa, limefunikwa udongo juu ya miti. Kwa nini lisivuje? Kwa sababu Dodoma ni nchi kame. Tena miti mirefu na nyasi ndefu ni adimu huko, lakini udongo upo tele. Nyumba hizo hupangwa kuzunguka ua, na mifugo hulala salama katikati.

Nenda kwenye nyumba ya Wazaramo, watu wa pwani. Utaona pembe nne, fito na udongo, na makuti juu. Halafu ukifika kwa jirani zetu Wachagga, utaona nyumba ya nyasi iliyochongoka. Baridi ya mlimani si ya mchezo, na zamani ng'ombe walilala humo humo pamoja na watu, wakaongeza joto.

Hapo mwanafunzi hujifunza jambo kubwa. Wazee wetu hawakuwa wajinga waliojenga kwa kubahatisha. Walisoma mvua, baridi, udongo na miti waliyopewa na Mwenyezi Mungu katika nchi yao, wakajenga kwa kadiri yake. Qur'ani Tukufu katika sehemu kadhaa inatuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame na kuzingatia. Kutazama nyumba kwa namna hii ni katika kuzingatia huko.

Swali lililonishinda

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikuwa nimefuatana na mtoto wa ndugu yangu. Tulisimama ndani ya nyumba moja ya nyasi, naye akainua macho akatazama jinsi fito zilivyofungwa. Akaniuliza, "Baba mdogo, nyumba ya babu kule Usangi ilifungwa kwa kamba gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba babu alizaliwa katika nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi. Jioni nikampigia simu mjomba wangu, ambaye kwa umri ndiye mkubwa aliyebaki kwetu. Alicheka kidogo kisha akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, nilimwona baba akifunga. Mimi nilikuwa namletea kamba tu. Namna ya kufunga sikumwuliza."

Ndugu msomaji, jibu hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Hakuna makumbusho yanayoweza kujenga nyumba za wote, kuanzia za Usangi na Ugweno hadi za Kigoma. Zaidi ya hapo, nyumba si umbo lake tu. Zamani moto ulikokwa ndani kila siku, na moshi wake ukakausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Nyumba ya maonyesho haina mama anayepika, kwa hiyo nyasi zake huharibika upesi, na sharti waletwe mafundi kuiezeka tena. Mafundi hao wakitoweka, hata mfano wenyewe utaanguka.

Daraja la Mostar liliinuliwa kwa sababu vipimo vyake vilikuwepo. Je, vya nyumba ya babu yangu viko wapi? Vilikuwa mikononi mwa babu, na babu ameshatangulia mbele ya haki. Allah amrehemu.

Vipi kuhusu masanamu?

Wanafunzi wengine huuliza iwapo kutengeneza mifano kunakubalika katika dini. Mfano wa nyumba, mti, mlima au msikiti hauna tatizo, kwa kuwa hivyo si viumbe vyenye roho. Katika nchi mbalimbali mahujaji hufundishwa kutufu kwa kuzunguka mfano wa Al-Kaaba kabla ya safari, na hakuna anayedhani kwamba ameshahiji! Mfano ni wa kufundishia tu. Ama masanamu ya watu na wanyama, hilo wanavyuoni wamelieleza kwa urefu. Wengi wao wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, kwa kutegemea hadithi za Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake. Kwa kazi nitakayoieleza hapa chini hatuhitaji sanamu la mtu. Mwenye swali zaidi amwendee ustadhi wake.

Ukienda, jiandae hivi

Kutoka Mwanga hadi Dar es Salaam ni safari ya siku nzima kwa basi, kupitia Same, Korogwe, Segera na Chalinze. Ni safari inayofikia masafa ya kufupisha sala, hivyo wanafunzi wajifunze mapema namna ya kusali safarini, wasije wakaulizana garini. Viongozi wa msafara waulize kiingilio cha wanafunzi kabla ya kuondoka. Kila mtoto achukue daftari, kalamu na futi ya kupimia. Mkifika, msikilizeni mwenyeji anayewatembeza, ombeni ruhusa kabla ya kugusa kitu, wala msicheke nyumba ya kabila lolote. Nyumba unayoicheka ndiyo iliyomlea babu wa mwenzako uliyekaa naye benchi moja.

Kazi ya likizo

Asiyekuwa na nauli asihuzunike. Kijiji cha mfano tunaweza kukijenga hapa hapa madrasa, nacho kitakuwa chetu wenyewe. Fanya hivi:

Kwanza, nenda kwa bibi au babu, wako au wa jirani. Msalimie, mpe heshima yake, kaa chini. Mwombe akueleze nyumba aliyozaliwa: ilikuwa ya duara au ya pembe? Mlango ulielekea wapi? Jiko lilikuwa wapi? Mbuzi walilala wapi? Fito zilikuwa za mti gani, na kamba zilitoka wapi?

Pili, andika kila neno la Kipare au Kigweno analotaja, hata kama hulijui. Mwombe akuonyeshe kwa mikono namna ya kufunga, nawe ufunge mbele yake mpaka akuambie, "Sasa ndiyo."

Tatu, muulize ukubwa kwa hatua za miguu, kisha ugeuze hatua kuwa mita, na kila mita 1 uifanye sentimita 4. Jenga kwa udongo, vijiti na nyasi.

Nne, usiishie kwenye nyumba. Weka ndiva iliyokusanya maji ya kumwagilia mashamba, na mfereji wake. Wa Ugweno waweke mahali pa kufulia chuma, kwa maana ukoo wa Washana ulisifika kwa ufundi huo. Usisahau msikiti wa kijijini kwenu jinsi ulivyokuwa zamani.

Likizo ikiisha, kila mmoja alete alichojenga pamoja na daftari lake. Tukivipanga juu ya meza ndefu, Insha Allah tutakuwa na kijiji. Udongo utapasuka na nyasi zitakauka, lakini daftari litabaki, na mkono uliojifunza kufunga hautasahau upesi.

Mjomba bado yupo, namshukuru Allah. Kamba hakujifunza, lakini anakumbuka mlango ulielekea wapi na mti gani ulikatwa kwa ajili ya nguzo. Likizo hii yule mtoto na mimi tutapanda Usangi, na safari hii daftari litakuwa mkononi. Nawe usingoje mwakani. Mzee uliyenaye leo, muulize leo.

Wabillahi tawfiiq.