Ndege ya alfajiri: safari inaanza jana yake, Kavimvira



Mwezi huu wadogo zetu watatu wameniuliza swali lile lile: «Yaya, ndege yangu inaruka Bujumbura saa kumi na moja ya alfajiri. Nitoke Uvira saa ngapi ya usiku?» Nilimjibu kila mmoja peke yake, lakini sasa naona heri niandike mara moja kwa wote. Jibu ni fupi: usitoke usiku. Toka jana yake, mchana. Nitaeleza sababu, na nitaeleza pia hasara iliyonifundisha.

Kwanza tujue tunakwenda wapi. Sisi wa Uvira, uwanja wa kimataifa wa karibu ni ule wa Bujumbura. Tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, jina la rais wa Burundi aliyeuawa Oktoba 1993. Kwenye tiketi utaona herufi BJM. Zamani wengine wetu walikuwa wanapanda mpaka Kavumu, upande wa Bukavu. Lakini Goma ilianguka Januari 2025, Kavumu ikafuata Februari, na safari za ndege za raia zikasimama kule. Kwetu ikabaki Bujumbura.

Na Bujumbura iko karibu sana, haifiki hata kilomita 30. Usiku, ukisimama kando ya ziwa, unaona taa zake ng'ambo. Huo ukaribu ndio unatudanganya. Mtu anajiambia: «Ni saa moja tu ya barabara.» Kweli, ni saa moja. Lakini katikati ya hiyo saa moja kuna mpaka, na mpaka unalala.

Mimi niliyasahau hayo mwaka 2023. Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya mwezi mmoja Nairobi, juu ya magonjwa ya muhogo. Ninyi wa agronomia mnajua maana yake kwa mtu aliyekulia karibu na Bonde la Ruzizi, akiona mashamba yanaliwa na mozaiki na hana maabara ya kumwonyesha chochote. Tiketi ilinunuliwa kwa mchango wa familia. Mama alitoa faida yake ya ndagala, wajomba wakaongeza. Ndege ilikuwa inaruka saa 05:10.

Siku ya kuondoka, nyumbani watu walijaa. Mama alipika. Tulimngoja mjomba aliyekuwa anatoka Kiliba, sababu bila yeye maombi hayawezi kufungwa. Mjomba alichelewa. Alipofika tukala, tukaomba, tukapiga picha. Mimi nilikuwa na amani kabisa: ndege ni ya alfajiri, sasa ni jioni, kuna haraka gani?

Nilifika Kavimvira saa kumi na mbili na nusu. Mwenye pikipiki aliyenibeba aliangalia mbele, akazima mashine. «Kaka, banaisha kufunga. Batafungula kesho asubui.»

Nilimwendea mtu wa zamu nikiwa na tiketi mkononi. Alinisikiliza kwa heshima, akasema: «Chefu, hata mimi nikikupitisha huku, upande wa Gatumba nani atakufungulia?» Hakukuwa na la kujibu. Kijana mmoja alinivuta kando akaniambia kuna njia ya chini, kuelekea delta, na mtumbwi upo. Nilikataa, na hata leo nasema nilifanya vizuri. Rusizi ina viboko na mamba, ndiyo mto uleule wa yule mamba Gustave aliyejulikana dunia nzima. Usiku kuna pia askari pande zote mbili. Na hata ukivuka salama, unafika uwanja wa ndege bila muhuri wa kuingia Burundi. Utamweleza nini afisa wa uhamiaji?

Nililala Kavimvira kwa rafiki. Saa kumi na moja nilikuwa macho. Sijui kama ile sauti niliyoisikia ilikuwa ndege yangu, lakini nilihesabu hivyo. Tiketi haikurudishwa. Nafasi alipewa mtu mwingine, na mafunzo yale hayakurudi tena. Mama hakunigombeza. Alisema tu: «Mutoto yangu, tutauzisha tena.» Ni heri angenigombeza.

Basi sasa tuingie katika mafundisho yenyewe.

La kwanza, soma saa vizuri. Tiketi inaandika saa za Kizungu, kutoka 00:00 mpaka 23:59, na saa ya kuruka ni ya mahali ndege inapotokea. Sisi na Burundi tuko saa moja, hapo hakuna shida. Nairobi wako mbele yetu saa moja, usishangae saa ya kufika. Shida kubwa iko kwenye tarehe. Ndege ya tarehe 14 saa 00:50 haingojwi usiku wa tarehe 14. Ni usiku wa tarehe 13, ule wa kuamkia 14. Mwenzetu mmoja alifika uwanjani saa 24 nzima baada ya ndege yake kwenda, na alikuwa na furaha ya mtu aliyewahi. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa: ukisoma tiketi ya usiku au alfajiri, jiulize «ni usiku wa kuamkia lini?» Andika hiyo siku kwenye karatasi, uiweke mlangoni.

La pili, hesabu kurudi nyuma. Sisi watu wa kilimo tunalijua hili. Hatusemi «nitalima nikipata nafasi.» Tunaanza na mvua, tunarudi nyuma mpaka siku ya kupanda, siku ya kutayarisha shamba, siku ya kutafuta mbegu. Fanya hivyo na ndege. Tuchukue ile yangu ya 05:10. Mashirika mengi yanafunga kupokea mizigo saa moja kabla ya kuruka, basi saa kumi na dakika kumi mlango umefungwa. Kwa safari za nje wanashauri ufike saa tatu kabla. Basi uwe uwanjani kwenye saa nane na robo za usiku. Ili ufike hapo, utoke ulipolala Bujumbura saa saba na nusu. Ili uwe umelala Bujumbura, uwe umevuka mpaka mchana, mimi nasema isipite saa tisa. Ili uvuke saa tisa, uage nyumbani saa saba mchana. Unaona? Ndege ya alfajiri imekuwa safari ya mchana wa jana yake.

La tatu, mpaka. Saa za kufunga zinabadilika kufuatana na usalama, na kuna siku unafungwa bila tangazo. Usitegemee nilichoandika mimi wala alichokuambia jirani mwaka jana. Uliza wiki hiyohiyo, kwa mtu anayevuka kila siku: mama wauza samaki wanajua kuliko ofisi. Wakati wa korona, 2020, mipaka ya nchi kavu ilifungwa miezi mingi. Wakati wa vita pia inaweza kufungwa kwa saa moja tu. Kama habari za wiki hiyo ni mbaya, vuka siku mbili kabla.

La nne, barabara. Kutoka Gatumba unavuka daraja la Rusizi, na uwanja uko kaskazini-magharibi ya mji, huna haja ya kufika katikati. Lakini bonde lile liko chini sana. Aprili 2020 Rusizi ilifurika Gatumba na maelfu ya watu wakahama, na miaka iliyofuata ziwa likapanda tena. Msimu wa mvua ongeza saa mbili. Ongeza pia sababu ya mafuta: Burundi imekuwa na upungufu mkubwa wa esansi, taksi zinaweza kukosekana kabisa. Na Machi 2022 pikipiki na bajaji zilikatazwa katikati ya mji wa Bujumbura. Basi dereva wa usiku mtafute mchana, tena awe anajulikana na mwenyeji wako. Muulize kama ana esansi ndani ya gari, siyo kama ataipata. Kubaliana bei kabla.

La tano, mahali pa kulala. Kama uko na ndugu Bujumbura, waambie mapema na uwaambie saa utakayotoka, wasikufungie geti. Wengi wetu tuko na watu Buyenzi, mtaa ambako Kiswahili ndicho cha nyumbani, hutajisikia mgeni. Kama huna ndugu, tafuta chumba cha bei ndogo, na umwambie mlinzi akuamshe. Usipange kulala uwanjani kama hujauliza kwanza. Weka saa mbili za kuamsha, moja kwenye simu na nyingine kwa mtu.

La sita, karatasi. Kile kibali cha kuvuka tunachotumia kwenda sokoni Bujumbura hakikupandishi ndege ya Nairobi. Vuka na pasipoti. Hakikisha imepigwa muhuri wa kutoka Kavimvira na muhuri wa kuingia Gatumba, uangalie kwa macho yako kabla ya kuondoka dirishani. Beba kadi ya njano ya chanjo. Tiketi na barua ya mwaliko zitoe kwenye karatasi, sababu ukipita Gatumba mtandao wako wa Kongo unakufa na WhatsApp haifunguki. Dola ziwe nzima: iliyochanika hata kidogo utarudi nayo nyumbani.

Najua neno gumu zaidi halikutajwa bado, nalo ni familia. Ukisema utaondoka jana yake, utasikia: «Kwa nini kulipa chumba wakati ndege ni kesho?» Utaonekana unaharibu pesa, au unakimbia chakula cha mama. Waeleze mapema, siyo siku ileile. Waambie chumba cha usiku mmoja ni sehemu ndogo ya bei ya tiketi. Na maombi yafanyike siku mbili kabla. Mungu anasikia hata Jumanne.

Mwaka 2024 nilipata nafasi nyingine, ya wiki moja tu. Nilimwambia mama: «Mara hii tunaaga saa nne asubuhi.» Alinifungia chakula kwenye kopo. Mjomba wa Kiliba nilimwaga kwa simu. Saa nane mchana nilikuwa nimeshavuka. Usiku, saa nane na dakika ishirini, niliteremka mbele ya yale majengo meupe ya duara ya uwanja, na dirisha la mizigo lilikuwa limefunguliwa sasa hivi. Mbele yangu kulikuwa na watu wanne tu. Nilikaa nikala wali wa mama, ukiwa baridi, na bado nilikuwa na zaidi ya saa mbili mkononi.

Basi, wadogo zangu watatu, mnaosoma hapa mnajijua. Tarehe zenu ninazo. Jana yake, saa sita mchana, nitawapigia simu. Mkinijibu mko bado nyumbani mnamngoja mjomba, nitakuja mwenyewe kuwachukua.