Sura ya Nne: Ulimi Juu ya Meno

Kabla hujaendelea kusoma, pitisha ulimi juu ya meno yako ya mbele. Unahisi kitu chembamba chenye utelezi? Waswahili hukiita ukoga, na jina hilo halikuletwa na muuza dawa ya meno. Ila ombi la kupitisha ulimi si langu. Lilitoka Chicago, yapata miaka 100 iliyopita, kwa mtunga matangazo aitwaye Claude C. Hopkins, aliyekuwa akiinadi dawa ya meno ya Pepsodent.

Hopkins alikuwa na kazi ngumu. Wamarekani wengi wa wakati ule hawakuwa na mazoea ya kusugua meno kila siku, na kuwatisha kwa habari za meno kuoza hakukufaa kitu. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba mtu hatoi fedha ili aepuke balaa la mwakani. Hutoa ili apendeze leo. Basi akajifungia na vitabu vya madaktari wa meno. Kama alivyosimulia katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1927, humo ndimo alimokuta habari za utando unaojijenga juu ya meno. Akaubebesha lawama zote: huo ndio unaoficha weupe wa meno yako.

Hapa pana ustadi ambao kila ninapoufikiria hunistaajabisha. Ukoga hauishi. Usugue asubuhi, jioni umerudi. Tena huondoka kwa kusuguliwa tu, hata pasipo dawa. Hopkins alichukua kitu ambacho kila mtu anacho kinywani tangu utotoni na hakijali, akakigeuza kengele. Kuanzia hapo mteja hakuhitaji kuliona tangazo tena, maana ulimi wake mwenyewe ulimkumbusha, tena mara nyingi kwa siku.

Kengele peke yake haitoshi. Mkono unataka malipo. Malipo hayo ni ubaridi wa nanaa na mchonyoto unaobaki kwenye ufizi. Baadaye likaongezeka povu. Tukiukosa ubaridi huo, tunaona hatujasafika, ingawa kazi kubwa hufanywa na brashi, na kinga dhidi ya kuoza huletwa na floridi. Floridi yenyewe haikuwamo katika Pepsodent ya Hopkins. Dawa zenye floridi zilienea Marekani kuanzia miaka ya 1950.

Kwetu kusafisha meno hakukungoja tangazo. Bado tunasema kupiga mswaki, na mswaki asili yake ni kijiti cha mti, kile kinachouzwa mpaka leo nje ya misikiti ya Mombasa na Zanzibar. Brashi ya plastiki ilipofika ilivaa jina la kijiti. Lakini dawa ilikuja na majina yake, na dukani wengi huomba Colgate, wakapewa tyubu ya kampuni nyingine, wakaondoka wameridhika. Jina la bidhaa moja limekuwa jina la kitu kizima. Mwenye kiwanda angetaka nini zaidi?

Lakini lililonifanya niandike sura hii ni kiasi. Tazama picha yoyote ya tangazo la dawa ya meno: dawa imelazwa juu ya brashi mwanzo hadi mwisho, ncha yake imekunjwa kama wimbi. Sasa sikiliza madaktari wa meno. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 anahitaji dawa ya ukubwa wa punje ya njegere. Aliye chini ya hapo, punje ya mchele. Mtoto mdogo humeza anachopigia mswaki, na floridi ikizidi wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, hutoka na madoa. Arusha na Kilimanjaro wanaijua hali hiyo vizuri, kwa sababu maji ya sehemu nyingi huko yana floridi nyingi kwa asili, na meno ya kahawia ni jambo la kawaida.

Hata huko, asubuhi kabla ya shule, utamwona mama akiminya tyubu na kuijaza brashi ndogo ya mwanawe pomoni, kwa upendo, asimpunje. Muulize nani alimfundisha kiasi hicho. Atafikiri kidogo, kisha atakuambia hakuna, ndivyo inavyowekwa.